Mstari Mweusi kwenye Mtiki wa Baba

Kuta za nyumba ya mama zilikuwa zimesimama tangu kabla ya mavuno, na kila nilipozipitia nilizisalimia. Usicheke. Ukiishi chumba cha kupanga muda mrefu, siku ukiona kuta zako mwenyewe utazisemesha tu. Zilikuwa vyumba viwili na sebule, hapa hapa Lipangalala, mjini Ifakara, tulikopanga, ila upande wa juu kidogo ambako mafuriko hayafiki. Nyumba yetu ya zamani, ya miti na udongo, maji yaliifikia. Ililainika kama andazi kwenye chai, ikalala chini, na mama akabaki amesimama barabarani na sufuria zake kichwani.

Hizi mpya zilikuwa za tofali za kuchoma. Sawa. Lakini tulizijengea kwa udongo, maana saruji yote iliishia kwenye msingi. Ukuta wa namna hiyo hauogopi jua wala upepo, unaogopa mvua. Ukinyeshewa msimu mzima bila paa, udongo unachuruzika kutoka katikati ya tofali, na tofali zinaanza kuagana. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: paa liwe juu kabla mvua hazijaanza, au mama aanze upya. Na mama alishaanza upya mara nyingi kuliko haki yake.

Mabati tulikuwa nayo. Mama aliyanunua kidogo kidogo kila alipouza mpunga, tukayalaza chini ya kitanda changu. Nikawa mtu pekee Ifakara nzima anayelala juu ya paa lake badala ya chini yake. Kilichokosekana ni mbao.

"Mbao zipo," nilimwambia mama jioni moja tunapepeta mchele. "Zimesimama shambani Kisawasawa, zina majani."

Akaacha kupepeta. Alijua nazungumzia miti gani. Baba aliacha mitiki mitatu mpakani mwa shamba, karibu na kwa mdogo wake, kule ambako ardhi inaanza kupanda kuelekea milimani. Tangu afariki hakuna aliyeigusa. Mama akienda shamba alikuwa anaegemea mmoja akila muhogo wake, basi.

"Alisema ni ya nyumba," akasema.

"Basi nyumba imeshasimama, mama. Inasubiri kofia."

Alicheka. Mama yangu akicheka ujue amekubali.

Mimi shule niliishia kidato cha pili, na nyumba nimezichora tangu nikiwa mdogo, kwa kijiti, kwenye vumbi la uwanjani. Mama akifagia asubuhi alikuwa ananiuliza, "Hii nayo nifagie, au watu wameshahamia?" Kwa hiyo niliposhuka Kisawasawa na begi langu baada ya mavuno, sikujiona kama mtu anayekwenda kuteseka. Nilijiona fundi.

Baba mdogo alinipokea akiwa ameshautoa msumeno. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuniangalia, anafungua magunia aliyoufungia. Ulikuwa mrefu kunizidi, una mshikio huku na mshikio kule, na meno makubwa aliyoyapaka grisi kila mwaka kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Ujanani mwao yeye na baba walikuwa wapasuaji wa mbao. Kazi yenyewe iko hivi: unachimba shimo refu kuliko mtu, unalaza gogo juu yake kwenye miti ya kukingama. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni, msumeno unapanda na kushuka kati yao. Wa juu anafuata mstari. Yeye ndiye fundi, ndiye anayesifiwa ubao ukinyooka. Wa chini anavuta, na unga wote wa mbao unamwangukia yeye.

"Maisha yangu yote na baba yako nilikuwa chini," baba mdogo akasema, anapitisha kidole kwenye meno ya msumeno. "Nimekula unga wa mbao kuliko wa mahindi. Kaka alikuwa juu, anapiga mbinja, anaona mpaka mtoni. Mimi naona soli za viatu vyake. Mwaka huu, mwanangu, napanda juu."

"Panda, ba'mdogo. Mimi nitakula huo unga."

"Utauweza?"

"Kwani una pilipili?"

Akacheka. Kuna kijana wa chenso alikuwa ameshapita kujipendekeza, anasema atamaliza kazi kabla jua halijazama. Baba mdogo alimfukuza kwa adabu. Chenso, msumeno wa injini, inakata njia pana, kila inapopita inakula mti, na sisi tulikuwa na mitiki mitatu tu ya kutoa kenchi zote, zile mbao za kubeba paa, na papi za kupigilia mabati. Hakukuwa na mti wa nne wa kukosea.

Tulipata kibali cha kukata, tukaiangusha, mama akaja kushuhudia. Mtiki wa kwanza ulipolala alikwenda kushika kisiki chake kwa kiganja, kama unavyopima homa ya mtoto, halafu akaenda kuinjika chungu.

Magogo yalivutwa na ng'ombe wa jirani, mzee wa Kisukuma aliyehamia kule na mifugo yake mimi nikiwa bado shule. Yeye na baba mdogo hawawezi kusalimiana bila kutupiana maneno.

"Leo ng'ombe wako wanalipa," baba mdogo akamwambia. "Mpunga wangu waliokula mwaka juzi leo unatoka kwa jasho."

"Ule ulikuwa mpunga?" mzee akashangaa, anafunga minyororo. "Wenyewe walirudi nyumbani wanalia njaa, nikadhani wamelishwa nyasi za kuezekea." Akanigeukia mimi niliyekuwa nimevaa suruali ya zamani ya baba, nimeikaza kwa kamba ya katani. "Na huyu binti mnamwoza kwa msumeno? Hakuna kijana kwa Wapogoro wote?"

"Msumeno hauombi chai saa sita usiku, mzee," nikamjibu.

Alicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Siku hiyo hiyo akaaga, anapeleka mifugo mbali kutafuta malisho, akatuachia kibuyu cha maziwa ya mgando.

Sasa njoo kwenye mstari. Ili gogo lipasuke sawa, unachukua uzi, unauchovya kwenye rangi nyeusi, unauvuta kutoka kichwa cha gogo hadi mkiani, mmoja anaunyanyua katikati na kuuachia. Pah! Unabaki mstari mwembamba ulionyooka, na huo ndio sheria ya mtu wa juu. Rangi ya wapasuaji tangu zamani ni betri za redio. Unaipasua betri iliyokufa, unatoa ule unga mweusi wa ndani, unauchanganya na maji.

Lakini siku hizi nani ana betri za redio? Nilizunguka nyumba baada ya nyumba. Wote wana sola, wote redio iko kwenye simu, na tochi iko kwenye simu hiyo hiyo. Bibi mmoja alinitolea betri ya saa ya ukutani, ndogo kama kidole cha mtoto, nikamshukuru nikairudisha. Nilirudi mikono mitupu, nikakuta mama anasugua sufuria, nikaona masizi. Nikajiona nina akili sana. Nilijaribu masizi na maji, yakaelea yamenuna, hayataki kuchanganyika. Basi nikayachanganya na mafuta ya kula.

"Una uhakika?" mama akauliza.

"Mama, hii itang'aa!"

Uzi ulipiga pah, mstari ukatokea mweusi wa kupendeza, baba mdogo akaguna kwa kuridhika, akapanda. Mimi nikashuka shimoni na kitambaa kichwani. Nikavuta. Hakuna anayeweza kukueleza ile siku ya kwanza chini ya gogo. Unga unaingia shingoni, masikioni, mpaka kwenye tabasamu. Unavuta kwa kiuno, si kwa mikono, mikono ungeisahau huko huko. Juu yangu baba mdogo alikuwa anapiga mbinja, na nilijua kwa nini.

Kumbe jua lilikuwa linafanya kazi yake. Mafuta yakanywewa na mti, yakatambaa, mstari wangu ukanenepa kama kidole gumba. Na mstari mnene una pande mbili. Tulianza upande mmoja tukamalizia upande mwingine, na zaidi ya hapo. Ubao ulipoanguka tukauangalia. Mwanzo wake ulikuwa mnene kama tofali, mwisho wake ungeweza kuukunja.

"Mama yangu," nikasema.

"Umekaanga gogo," akasema mama kwa upole. "Ungeweka na kitunguu."

Nilicheka pamoja nao, lakini ndani nilichomeka. Akilini nilimwona baba amebeba ule mti ukiwa mche. Kila ubao uliopotea ulikuwa sehemu ya paa ambayo mvua ingepitia, na nilikuwa nimeshaupoteza mmoja kwa kujifanya mjuaji.

Mzee wa Kisukuma aliporudi na ng'ombe wake alikuta tumekaa kando ya gogo, tunaliogopa. Nilimweleza habari ya masizi. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa tochi ndefu ya wachungaji, ya bati, akaifungua nyuma na kumimina betri kubwa kwenye kiganja changu.

"Zimekufa tangu juzi," akasema. "Nilikuwa nazihurumia kuzitupa. Mngeuliza watu wa ng'ombe kwanza. Sisi tunalala porini, simu huko tutachaji kwa mkia wa fahali?"

Unga wa betri ulipokolea kwenye maji, mstari uliotoka ulikuwa mwembamba kama njia ya nywele ya msusi hodari, mweusi, na ulikauka papo hapo. Nikarudi shimoni nikiwa na moyo mwepesi. Tukapasua kama robo ya gogo. Nikaomba maji, nikapanda juu kunywa, nikachungulia kazi yetu.

Msumeno ulikuwa nje ya mstari, kwa upana wa vidole viwili.

Mstari ulikuwa hapo, haujatambaa, unaonekana hata ukiwa umesimama mbali. Na baba mdogo alikuwa amekaa juu ya gogo, anafuta jasho, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa: "Vipi, mstari unaonekana vizuri leo, eeh?" Mkono wake ulikuwa unapapasa gome, unautafuta.

Hapo ndipo nilipokumbuka mambo mengi kwa pamoja. Aliponipokea hakuniangalia. Chai anaimimina huku kidole chake kikiwa ndani ya kikombe, na mimi nilidhani ni uzee wa mzaha. Mama alikuwa anamsogezea bakuli mpaka liguse mkono wake, nikadhani ni heshima ya shemeji. Masizi yangu hayakuwa na kosa lote peke yao.

Nilimtazama mama. Alikuwa anachambua mboga, akanyanyua macho mara moja, akayashusha. Alikuwa anajua.

Mtu amesubiri tangu ujana wake kusimama juu ya gogo, amesimama siku tatu, halafu mimi nimwambie nini? Na upande mwingine kulikuwa na kuta za mama, zimesimama wazi Lipangalala, na magogo mawili na robo tatu. Moyo ulinigawanyika vipande viwili, na havikulingana kama ule ubao.

"Ba'mdogo," nikasema, "naomba tubadilishane. Huu unga umeniharibu macho, yananichoma, sioni kitu kule chini."

Kware walikuwa wanaitana majanini. Akapapasa tena gogo, safari hii taratibu, akaipata njia ya msumeno, akaipima kwa vidole kutoka hapo hadi penye mstari wa rangi, maana unga wa betri una mchanga mchanga wake ukiushika. Vidole viwili. Alijua.

"Huoni kitu," akasema.

"Sioni."

"Macho yanakuchoma."

"Sana."

"Mwongo wewe. Umerithi kwa baba yako." Akaanza kushuka, mguu mmoja unatafuta ardhi, nami nikampa bega. "Kule chini hakuhitaji macho. Kaka alikuwa ananiambia nifumbe, fumba, utaniharibia msumeno kwa kupepesa. Nilikuwa naona kwa masikio." Akafika shimoni, akajisafisha koo. "Haya, fundi! Panda! Na usinikanyage kwa macho hayo mabovu!"

Nilipanda. Gogo likiwa chini linaonekana pana, ukisimama juu yake na shimo likikutazama linakuwa kamba. Lakini mstari ulikuwa pale, mweusi, umenyooka mbele yangu kama barabara mpya ya lami, na mimi nina macho. Tulipoanza alikuwa ananiita kutoka chini.

"Unakwenda kulia."

"Sijaenda!"

"Nasikia. Msumeno unalia kama paka. Ukiwa sawa unapumua. Usisukume! Unyanyue tu, mimi ndiye nakata, wewe unaongoza."

Nilitazama. Nilikuwa nimekwenda kulia, kidogo sana. Nikaurudisha. Msumeno ukaacha kulia, ukaanza kupumua.

Ubao uliofuata ulipoanguka ulikuwa sawa kuanzia kichwa hadi mkia. Mama aliacha mboga zake, akaja kuunyanyua, akauweka jichoni kama bunduki, akautazama kwa urefu wake. Alikwenda kuulaza kivulini chini ya uchaga wa mpunga, akaweka vijiti ili upepo upite kati yake na mwingine ambao haujazaliwa bado.

Tulifanya kazi mpaka magogo yakaisha. Nikajifunza kupiga mbinja. Na kweli, ukiwa juu unaona mbali: mashamba yaliyovunwa, moshi wa tofali, ukanda wa kijani ambako mto unapita. Siku moja nikawa namsimulia yale ninayoyaona, ili naye awe juu kidogo. Nikasema kuna ndege weupe wamekaa kwenye migongo ya ng'ombe wa mzee, kuna mtu amebeba kitanda kwenye baiskeli, mgonjwa hayupo ndani, ni kitanda kitupu. Akawa anauliza: rangi gani? Anaelekea wapi? Wakati wa wali na perege mama alisema, "Ninyi mnapasua mbao au mnatangaza mpira?"

Kuhusu macho yake, mama ndiye aliyemwambia, kwa sababu shemeji anaweza kusema asichoweza mtoto. Alimwambia mbele ya chakula: mbao zikishuka Ifakara, na wewe unashuka nazo, hospitali ipo, watu wanasafishwa macho wanarudi wanasoma Biblia. Baba mdogo akasema mpaka paa liishe. Mama akasema sawa, tumekubaliana, mpaka paa liishe. Alimshika kwa neno lake mwenyewe.

Mbao zilikauka chini ya uchaga, na mawingu yalipoanza kukaa upande wa Mahenge bila kuondoka tulipata fuso lililokuwa linakwenda Ifakara kupakia mchele, likatubeba na mbao zetu, baba mdogo naye akiwemo. Fundi wa paa aligonga mbao zetu kwa kifundo cha kidole, akauliza mashine gani imepasua hizi. Nikamwonyesha viganja vyangu. Ule ubao wa masizi alitaka kuukata kuni. Mama akaunyang'anya. Sasa ni rafu jikoni kwake, ameugeuza upande mnene ukutani, na kopo la chumvi likiwekwa upande huo linateleza lenyewe kwenda upande mwembamba. Hapendi mtu auguse.

Siku ya mwisho lilibaki bati la juu kabisa, lile la kufunika uti wa paa, ambalo mafundi wanaliita kofia. Fundi alikuwa juu, mimi nampa misumari, upepo ulishabadilika harufu. Baba mdogo akaja chini ya ngazi.

"Nipisheni."

"Mzee, mvua hiyo," fundi akasema.

"Nimeisikia kabla yako. Nipisheni nipande."

Nilimtazama mama. Nilitegemea atamkataza. Mama akaishika ngazi kwa mikono miwili, akaikaza ardhini kwa mguu. "Mpe nyundo," akaniambia.

Alipanda kwa vidole ukingoni mwa paa, ambako ncha za papi zimechomoza chini ya mabati, papi moja hadi nyingine, anazishika kila moja anazitaja. "Hii ya gogo la pili. Hii ulikuwa umekasirika. Hii safi." Nilikwenda nyuma yake, nimemshika kiuno cha suruali. Alipofika juu akakaa kwa kutanua miguu, kama mtu aliyepanda punda, akaweka msumari, akaupima kwa kidole gumba, akaupiga. Hakuukosa. Fundi akaniangalia, akashuka zake.

Tone la kwanza lilinipiga sikioni. Nikamwambia ba'mdogo tushuke, msumari umebaki mmoja tu, fundi ataupiga kesho.

"Wewe shuka."

"Ba'mdogo..."

"Nenda ukakae chini ya paa lako. Niambie kama linavuja."

Nilishuka. Tuliingia ndani mimi, mama na fundi, tukasimama katikati ya sebule isiyo na kitu, hata mlango, na mvua ikamwagika. Mabati yalinguruma hata hatukusikiana. Mama alizunguka ukuta kwa ukuta, anapapasa udongo katikati ya tofali, mkavu, mkavu, mkavu. Halafu tukausikia msumari wa mwisho, pigo baada ya pigo, juu ya vichwa vyetu, na baada yake mbinja.

"Shemeji, utalowa!" mama akapaza sauti.

"Nimeshalowa!" ikajibu sauti kutoka juu. "Linavuja?"

Mama akatazama juu, kona zote nne, mikono kiunoni.

"Halivuji!"

"Basi niacheni kwanza. Naangalia."

Tukamwacha. Tulikuwa wote wakavu, isipokuwa yeye.